Bosi akiandika "It's about time", usimjibu "Asante"

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika ofisi ambayo barua zote za ndani huandikwa kwa Kiingereza. Mwezi uliopita nilimtumia mkuu wangu ripoti, akajibu "In the nick of time!" Nikamshukuru. Wiki mbili baadaye nikamtumia nyingine, akajibu "It's about time." Nikamshukuru tena, na nikaweka na kialama cha tabasamu. Mwenzangu wa meza ya jirani alicheka hadi machozi. Kamusi inaniambia zote mbili zinahusu wakati. Naomba unieleze hizi nahau za wakati za Kiingereza zina maana gani na zinatumikaje. Na je, naweza kuandika "in the nick of time" kwenye tathmini yangu ya mwaka?

Jibu: Marahaba, dada. Mwenzako hakucheka bure. Mara ya kwanza ulishukuru palipostahili, mara ya pili ulisutwa ukasema asante. "In the nick of time" husemwa na mtu anayeshusha pumzi: kitu kimefika pale pale kilipohitajika, kingechelewa kidogo tu mambo yangeharibika. "It's about time" ni ya mtu aliyekuwa akingoja huku jicho liko kwenye saa. Angekuwa anaandika Kiswahili, mkuu wako angesema, "Haya, leo ndiyo umekumbuka!"

Kamusi haikukudanganya, ila ilikujibu swali ambalo halikusaidii. Nahau nyingi za namna hii neno lake ni wakati, lakini habari yake ni mtu: kuna aliyewahi, aliyechelewesha wenzake, aliyechoka kungoja, anayejivuta makusudi. Nimefundisha na kutafsiri Kiingereza kwa miaka mingi, na nikikutana na nahau ya wakati jambo la kwanza ninalotafuta ni inampongeza nani au inamrushia nani kijembe. Maana ya maneno huja yenyewe baada ya hapo.

Tuanze na hizo mbili zako. "Nick" ni mkato mdogo, kama ule anaochonga mtu kwenye kijiti ili ahesabu. Waingereza walikwisha kuzoea kusema jambo limetokea "in the nick", yaani kwenye alama yenyewe, kisha katika karne ya 17 wakaongeza "of time". Ukikishika kile kijiti akilini utaelewa kwa nini nahau hii haina nafasi ya kujinyoosha: mkato hauna upana. Dawa iliyofika mgonjwa akiwa anazidiwa imefika "in the nick of time". Iliyofika siku mbili kabla imefika "in good time", na hiyo ni sifa ya aina nyingine kabisa, ya mtu aliyejipanga. Iandike kama ilivyo, usiiguse. Hakuna "in the nick of the time", wala "in a nick of time".

"It's about time" inahitaji jicho la makini zaidi. Ikifuatwa na "to", mara nyingi haina ubaya: "It's about time to start" ni kwamba saa ya kuanza imekaribia, basi. Ikisimama peke yake na nukta mwishoni, kama ulivyoandikiwa wewe, hapo ndipo ina mwiba. Inayo ndugu yake, "it's high time", ambayo husukuma: wakati umefika, na kwa kweli umepita kidogo. Ajabu ya hizi ndugu wawili ni kitenzi kinachofuata, maana huwekwa katika wakati uliopita ilhali jambo lenyewe halijafanyika. "It's high time we left" husemwa na mtu ambaye bado amekaa kitini. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba Mwingereza anajifanya jambo limekwisha kutendeka ili aonyeshe lilivyochelewa. Mwanasarufi atanuna akisikia maelezo hayo, lakini sijaona mwanafunzi aliyeyasahau.

Sasa nikueleze aibu yangu, ili uone hauko peke yako. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri nilipewa habari ya mazungumzo yaliyonusurika "at the eleventh hour". Nikahesabu kama nilivyofundishwa: saa 11 ya Kiingereza ni saa tano yetu, habari inasema wajumbe walikesha, basi nikaandika kwa kujiamini kwamba walikubaliana saa tano usiku. Mhariri akazungushia duara jekundu na kuandika pembeni: "Nani alikuwa ameshika saa?" Makubaliano yalikuwa yamefikiwa alfajiri.

Uchungu wa kosa lile ni kwamba nahau hiyo, kuliko zote za Kiingereza, ndiyo tuliyo nayo mkononi tangu utotoni. Inatokana na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho anatoka saa kumi na moja na kuwakuta wengine wamesimama tu hawana kazi. Anawaajiri nao. Jioni wote wanalipwa dinari moja moja, hata hawa waliofanya kazi saa moja peke yake, na waliohenya tangu asubuhi wananung'unika. Zamani hizo mchana ulihesabiwa saa 12 tangu jua kuchomoza, yaani kama Kiswahili kinavyohesabu hadi leo. Kwa hiyo "the eleventh hour" si saa tano hata kidogo. Ni saa kumi na moja jioni, jua limeshalala upande mmoja, imebaki saa moja giza liingie. Mwingereza wa leo, ambaye saa yake huanza kuhesabu katikati ya usiku, anajua tu kwamba 11 iko karibu na 12. Wewe unaliona jua lenyewe likishuka.

Kimatumizi, itofautishe na ile ya kijiti. "In the nick of time" daima huishia vizuri. "At the eleventh hour" haiahidi kitu. Mkataba unaweza kuokolewa "at the eleventh hour", na mtu anaweza pia kujitoa "at the eleventh hour" akawaacha wenzake hewani. Ukiiona mbele ya jina, kama "an eleventh-hour change", mara nyingi mwandishi ana kinyongo: mmebadilisha mambo watu wameshajiandaa. Kwa Kiswahili "dakika za mwisho" hutosha, na watangazaji wa mpira wametupa "dakika za lala salama", ambazo ni tamu zaidi.

Saa hiyo hiyo inatupa kichekesho kingine. Mwingereza akisema jambo lilitokea "in the small hours", anamaanisha zile saa za usiku baada ya katikati yake, kwa sababu kwake namba zimeanza upya na ni ndogo: moja, mbili, tatu. Kwetu saa hizo ni saba, nane, tisa, wala hazina udogo wowote, na ndiyo maana tunasema usiku wa manane, jina lenye nane ndani yake. Saa ile ile, mmoja anaiita ndogo, mwingine anaiona kubwa. Ukitafsiri "saa ndogo" umepotea.

Kundi kubwa kuliko yote ni la fedha. Benjamin Franklin aliandika mwaka 1748, akimshauri kijana mfanyabiashara, kwamba "time is money", na Kiingereza kinazungumza hivyo kutwa nzima. Wakati hutumika, huwekwa akiba, hufujwa, huwekezwa, hukopwa. Baadhi ya picha hizo tumeshazipokea bila kugundua: tunatumia muda, tunaokoa muda, na wakati ni mali. Nyingine hazihami vizuri. "To buy time" ni kufanya jambo la kuchelewesha ili upate nafasi ya kujipanga. Watu wameanza kuandika "kununua muda", na mimi kila nikiiona nauliza duka liko wapi. Kiswahili huvuta muda, kama kamba. "To kill time" nayo imezaa "kuua muda", wakati sisi tunasukuma muda, kama vile mtu anavyosema anasukuma siku. Na "living on borrowed time" usiitumie kwa utani kwa mtu mgonjwa. Humaanisha kwamba kwa hesabu ya kawaida angekuwa ameshakufa au ameshaanguka, anaishi kwa deni. Kwa gari bovu au mashine kuukuu, inafaa sana.

Wakati wa kuogopa hasa ni pale neno dogo linapobadilisha kila kitu. "Do you have time?" ni kuuliza kama una nafasi. "Do you have the time?" ni kuuliza saa ngapi. Niliwahi kumwona kijana akiulizwa swali la pili na mgeni aliyekuwa na haraka, naye akajibu kwa ukarimu kwamba ndiyo, anayo, akavuta na kiti. Vivyo hivyo, treni iliyochelewa iko "behind time", lakini mtu aliye "behind the times" amepitwa na wakati, mawazo yake ni ya enzi zilizopita. Kumaliza kazi "ahead of time" ni kumaliza mapema. Mtu aliyekuwa "ahead of his time" aliwaza mambo ambayo watu wa enzi yake hawakuwa tayari kuyaelewa, na mara nyingi hayo husemwa akiwa ameshakufa.

"On time" na "in time" hutusumbua kwa sababu Kiswahili kina "kuwahi" kinachobeba zote. Chukua treni ya saa nane kamili. Ikiondoka saa nane kamili imeondoka "on time", kama ratiba ilivyosema. Wewe ukifika stesheni saa nane kasoro dakika kumi umefika "in time", kabla mlango wa heri haujafungwa. Ratiba ni "on", kunusurika ni "in". Kisha kuna "in time" nyingine isiyo na treni: "In time you'll understand", yaani siku zikienda utaelewa. Hiyo husemwa na wakubwa kwa wadogo, nao wadogo hawaipendi.

Moja niiseme waziwazi kwa sababu imemkosesha mtu kazi ninayemfahamu, au walau ilimkosesha usingizi. "To do time" ni kutumikia kifungo. Ukiandika kwenye barua ya maombi kwamba "I did time at a bank" ukikusudia kwamba ulifanya kazi benki, msomaji wako atajiuliza uliiba kiasi gani. "I spent time" haina shida. Na "to two-time" haihusu saa kabisa: ni kuwa na wapenzi wawili kwa siri.

Kuna zile zinazofanana na methali, na hapa kishawishi ni kutafuta methali yetu na kuibandika. Wakati mwingine inakaa. "A stitch in time saves nine", iliyokwisha kuandikwa katika mkusanyo wa methali wa Thomas Fuller wa mwaka 1732 kwa umbo linalokaribiana na hilo, ni "usipoziba ufa utajenga ukuta" kwa maana, ingawa picha ni nyingine: mshono mmoja wa mapema unakuepusha na mishono tisa. Angalia tu kwamba "in time" hapo ni "mapema", kwa hiyo usitafute mshono ulio ndani ya wakati. "Better late than never" nayo wengi huitafsiri "kawia ufike", na hapa mimi nasita. "Kawia ufike" ni ushauri kwa anayesafiri: usikimbilie, la muhimu ni kufika. Ya Kiingereza husemwa mtu akishachelewa. Akiisema mwenyewe anajisamehe. Akiisema aliyekuwa anamngoja, ni kijembe kilichofunikwa kitambaa.

"Time and tide wait for no man" imewapoteza wengi baharini. Watu huona "tide" wakaleta maji kujaa na kupwa, na kwa kweli Waingereza wengi wa leo huona hivyo hivyo. Lakini "tide" ya zamani ilikuwa na maana ya wakati au majira, na mabaki yake yako katika "Yuletide", majira ya Krismasi. Methali inarudia jambo moja kwa maneno mawili. Sisi tunayo kali zaidi: wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe.

"Once in a blue moon" inapendwa mno na wanafunzi, na ina historia ya kuchekesha. Ni kwa nadra sana. Nahau ilikuwapo tayari karne ya 19. Maelezo yanayosambaa siku hizi, kwamba "blue moon" ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, yalitokana na kosa: mwaka 1946 jarida la elimu ya nyota la Sky & Telescope lilichapisha makala iliyosoma vibaya almanaka ya wakulima ya Maine, Marekani, ambayo iliita hivyo mwezi mpevu wa tatu katika msimu wenye minne badala ya mitatu ya kawaida. Jarida lenyewe lilikiri kosa mwaka 1999, lakini dunia ilishazoea. Kwa kuwa toka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni kama siku 29 na nusu, hiyo ya mara mbili ndani ya mwezi hutokea kila baada ya miaka miwili na nusu au zaidi kidogo. Kuhusu kijembe: "I go out once in a blue moon" ni kujieleza tu. "He calls his mother once in a blue moon" ni kumsema mtu, tena vibaya.

"At the end of the day" imetuingilia nyumbani. "Mwisho wa siku" sasa iko katika kila mahojiano ya redio, hata pale ambapo hakuna siku wala mwisho wake. Sina ugomvi na lugha kukopa, lakini hapa tulikuwa na chetu kizuri zaidi: "yote tisa, kumi ni..." Jaribu kuirudisha uone jinsi sentensi inavyochangamka. Kwa Kiingereza chenyewe itumie kwa kipimo; wasomaji wengi wameichoka. Usiichanganye na "call it a day", ambayo ni kufunga kazi kwa leo, hata kama ni saa nne asubuhi, na mara nyingine ni kuachana na jambo moja kwa moja, kama ndoa au kazi ya miaka mingi.

Zilizobaki hazina makuu. "For the time being" ni kwa sasa, na inadokeza kwamba mpango unaweza kubadilika. "Around the clock" ni usiku na mchana, "like clockwork" ni bila kukosa wala kukwama, "in no time" ni mara moja. "Any time" baada ya wewe kushukuru ni sawa na "usijali", haihitaji jibu. "In due course" katika barua ya ofisi ni "tutakuarifu", na nadhani unajua hiyo huchukua muda gani.

Ila "take your time" iangalie mara mbili. Ikija mapema, kabla ya siku ya mwisho, ni ukarimu wa kweli: fanya taratibu. Ikija baada ya siku ya mwisho kupita, ni kejeli tupu. Maneno ni yale yale, na kinachoyatofautisha ni tarehe ya barua. Kwa hiyo ukiandika nahau kwenye daftari lako, usiinakili peke yake. Nakili sentensi nzima, nani alimwambia nani, na kazi ilikuwa imechelewa au la.

Kuhusu jibu ulilopaswa kumpa mkuu wako: "Sorry to have kept you waiting" ingetosha, bila kialama cha tabasamu. Bado hujachelewa kulirekebisha. Mwambie ana kwa ana kwamba uliisoma vibaya, nadhani atacheka kuliko mwenzako.

Na ile ya tathmini ya mwaka, hapana. "I submitted the report in the nick of time" inampa msomaji habari ambayo hukukusudia kuitoa, kwamba nusura uchelewe. Mkuu wako anaweza kuiandika juu yako kwa furaha, lakini wewe ukiiandika unajishtaki. Kama ripoti ilifika siku iliyopangwa, andika "on time". Kama ilitangulia, andika "ahead of time", na uweke tarehe zote mbili pembeni yake. Ile ya pili, uliyojibiwa "It's about time", usiitaje kabisa.